Udiwani 2027: Cheti cha Chama Kikubwa, Chama Kidogo au Ugombea Huru?

Agosti 10, 2027 Wakenya watapewa karatasi sita za kura. Ya diwani ndiyo inayovuta wawaniaji wengi kuliko zote, maana viti ni 1,450, ada ya tume ya uchaguzi, IEBC, si kubwa, na mtu akishahudhuria mazishi na harambee za kutosha huanza kuitwa mheshimiwa na majirani. Akifika hapo, jambo la kwanza linalomkosesha usingizi huwa tiketi. Atafute cheti cha chama kinachotamba eneo lake, ajiunge na chama kidogo, au asimame mwenyewe kama mgombea huru?

Majibu ya mitaani ni mepesi. Mkereketwa wa chama kikubwa atakwambia bila cheti unapoteza mali na muda. Aliyeangushwa kwenye mchujo, yaani uteuzi wa ndani ya chama, atakwambia vyama vyote ni biashara za watu. Kila mmoja ana kisa cha kukuonyesha, na visa vyote ni vya kweli. Ila hakuna hata mmoja anayekuuliza kinyang'anyiro cha wadi yako huisha lini: Aprili kwenye mchujo, au Agosti kwenye debe? Hilo ndilo la kuanza nalo. Wadi mbili zinazopakana zinaweza kuwa na majibu tofauti kabisa.

Aprili au Agosti?

Kuna maeneo ambako Agosti ni kuidhinisha tu. Wapiga kura huvaa suti, kama wasemavyo, yaani wanachagua chama kimoja kuanzia rais hadi diwani. Sehemu kubwa ya Nyanza imekuwa hivyo kwa ODM, chama alichokiongoza Raila Odinga, tangu 2007. Huko aliyeshinda mchujo huanza kupongezwa miezi mitatu kabla ya uchaguzi, na asiye na cheti hubeba mlima.

Hata hivyo, hata ngome hiyo ina nyufa, na nyufa hizo huonekana zaidi kadiri kiti kinavyoshuka ngazi. Aprili 2019, katika uchaguzi mdogo wa ubunge Ugenya, kaunti ya Siaya, David Ochieng wa chama kidogo cha MDG alimshinda mgombea wa ODM, Chris Karan, na mwaka 2022 akashinda tena kwa chama hicho hicho. Watu wa Ugenya hawakuwa wamemwacha Raila Odinga. Walitofautisha tu kati ya mtu wao wa ikulu na mtu wao wa nyumbani. Kwa kiti cha diwani, ambapo mpiga kura anajua hata deni lako dukani, tofauti hiyo huwa kubwa zaidi.

Mlima Kenya ni hadithi nyingine. Huko wimbi la chama lipo, lakini hubadilisha jina. Mwaka 2002 lilikuwa NARC, 2007 PNU, 2013 TNA, 2017 Jubilee, 2022 UDA ya William Ruto. Chaguzi tano, vyama vitano. Maana yake ni kwamba anayejisajili leo katika chama kikubwa cha eneo hilo anacheza kamari. Anaweza kutumia miaka miwili kujenga jina ndani ya chama ambacho msimu ukifika ni mzigo mgongoni. Waulize waliobaki Jubilee 2022.

Kisha kuna maeneo mchanganyiko: Nairobi, Nakuru, Trans Nzoia, Pwani na mengi ya Kaskazini. Huko hakuna chama chenye uhakika, koo na mitaa ina uzito, na Agosti ndiyo siku yenyewe. Mfano ninaoupenda ni wa Msambweni, Kwale. Katika uchaguzi mdogo wa ubunge wa Desemba 15, 2020, Feisal Bader, mgombea huru, alipata kura 15,251 dhidi ya 10,444 za Omar Boga wa ODM, na ODM ndiyo iliyokuwa na kiti hicho.

Msambweni hutajwa sana na wanaohubiri ugombea huru, na hapo nawashauri wapunguze mwendo. Bader hakuwa peke yake. William Ruto, wakati huo naibu wa rais, alimpigia debe waziwazi, na chama cha Jubilee hakikusimamisha mtu. Alikuwa huru kwenye karatasi tu. Na mwaka 2022 alitetea kiti hicho kwa tiketi ya UDA.

Kupita mlangoni

Katika chama kikubwa, mpinzani wako wa kwanza ni mwenzako wa chama. Na hashindani nawe kwa kura peke yake. Sheria ya Vyama vya Siasa, hasa baada ya marekebisho ya Januari 2022, inaruhusu uteuzi wa moja kwa moja wa wanachama na ule unaopitia wajumbe. Vyama navyo vimezoea kuongeza njia zao: makubaliano ya wazee, kura ya maoni inayofanywa na kampuni ambayo wewe hukuiona, au cheti cha moja kwa moja kutoka makao makuu. Mwaka 2022 ODM ilichanganya njia zote hizo. Kwa hiyo unaweza kuwa maarufu kuliko wote wadini na bado usipate hata nafasi ya kupigiwa kura na wanachama.

Mchujo ukifanyika nao una mambo yake. Jubilee ilianza wake Aprili 2017 na katika kaunti nyingi ukavurugika siku ya kwanza, karatasi zikapungua, ukabidi urudiwe. Aliyekuwa ametumia pesa zake zote kusafirisha watu siku ile alitakiwa kuwasafirisha tena.

Ukidhulumiwa, kuna kamati ya rufaa ya chama, halafu Jopo la Kutatua Mizozo ya Vyama vya Siasa, halafu Mahakama Kuu. Njia ipo na watu hushinda. Lakini wakili analipwa, na wakati wewe uko Nairobi na faili, mwenzako yuko sokoni na kipaza sauti.

Chama kidogo kinakupa kile ambacho kikubwa kinakunyima: mlango wazi. Mara nyingi wewe ndiye mwaniaji pekee, cheti unapata mapema, na unaanza kampeni ukiwa na jina na alama wakati wenzako bado wanagombana. Katika maeneo yenye wimbi, chama kidogo kilicho ndani ya muungano wa wimbi hilo hukuruhusu kusema, "Rais ni yule yule, mimi nabadilisha diwani tu." Hoja hiyo ilitumika sana 2022. Mwangi Kiunjuri alirudi bungeni kutoka Laikipia Mashariki kwa chama chake cha TSP, kilichokuwa ndani ya Kenya Kwanza, muungano wa Ruto, mahali ambapo upepo wa UDA ulikuwa mkali.

Hatari ya chama kidogo ni mwenyewe. Simaanishi wewe, namaanisha mwenye chama. Vyama vingi vya aina hii vina mtu mmoja, na mtu huyo anafanya mazungumzo yake huko juu. Anaweza kuamka siku moja akiwa amekubali kuachia eneo lenu kwa chama kikubwa, na wewe unaambiwa umuunge mkono mwenzako kwa ajili ya umoja. Au chama chenyewe kinavunjwa. Septemba 2016 vyama zaidi ya kumi, TNA na URP vikiwemo, viliyeyuka ndani ya Jubilee. Januari 2025 ANC ya Musalia Mudavadi ikaingia UDA. Aliyekuwa amechapisha fulana za ANC kwa ajili ya 2027 alibaki na nguo za kulalia.

Mgombea huru hana mwenye chama wala mchujo. Mlango wake ni wa makaratasi, na hapo ndipo wengi hujikwaa.

Makaratasi

Katiba, ibara ya 85, inataka mgombea huru asiwe mwanachama wa chama chochote kwa angalau miezi mitatu kabla ya siku ya uchaguzi. Kwa 2027, hiyo ni kabla ya wiki ya pili ya Mei, na kalenda ya IEBC inaweza kukubana mapema zaidi, kwa sababu alama yako nayo lazima iwasilishwe na kuidhinishwa. Ibara ya 193 inakutaka uungwe mkono na wapiga kura wasiopungua 500 waliosajiliwa katika wadi hiyo. Kusanya 800. Baadhi watakuwa wamejisajili wadi jirani, baadhi wataandika nambari ya kitambulisho kimakosa, na wengine watagundulika kuwa wanachama wa chama fulani bila wao kujua.

Hilo la mwisho si mzaha. Mwaka 2021 Msajili wa Vyama alipofungua huduma ya kukagua uanachama kupitia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, Wakenya wengi walikuta wameandikishwa katika vyama ambavyo hawakuwahi kukanyaga ofisi zake. Kwa mwaniaji huru, jina lako likikutwa kwenye orodha ya chama dakika za mwisho, mpinzani wako ana kesi tayari. Jikague sasa. Ukijiuzulu, andika barua kwa chama na nakala kwa Msajili, na ubaki na nakala iliyogongwa muhuri.

Kuna tarehe moja ambayo wawaniaji wa vyama huipuuza. Orodha za wanachama hufungwa kabla ya mchujo. Mwaka 2022 zilifungwa Machi, na michujo ikafanyika Aprili. Walioangushwa hawakuweza kuhamia chama kidogo tena, mlango uliobaki ulikuwa wa ugombea huru, na ulikuwa wazi kwa siku chache tu. Kwa hiyo chaguo la chama kidogo haliwezi kuwa akiba ya kukimbilia baada ya kushindwa. Ama unaingia mapema, ama hulipati. Ugombea huru ndio pekee unaoweza kuwa mpango wa pili, na kwa sababu hiyo umejaa watu wenye hasira walioanza kampeni upya Mei bila pesa.

Ada ya tume haitofautishi tiketi: mwaka 2022 ilikuwa Sh5,000 kwa mwaniaji wa udiwani, nusu yake kwa wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Tofauti iko kwenye ada ya chama. Ya chama kikubwa huizidi ya tume kwa mbali, na ukishindwa mchujoni usiitarajie irudi.

Pesa, na macho siku ya kura

Hapa ndipo ningependa mtu akae na kalamu. Mwaka 2022 nchi ilikuwa na vituo 46,229 vya kupigia kura, hakuna kilichozidi wapiga kura 700. Gawanya kwa wadi 1,450 unapata wastani wa vituo 32 hivi. Vya wadi yako vinaweza kuwa 15 au 60, lakini chukua 32. Kila kituo kinahitaji wakala anayefika kabla ya saa kumi na mbili asubuhi, anayekaa hadi kura zihesabiwe usiku, na anayeondoka na nakala ya Fomu 36A, ile ya matokeo ya diwani.

Mgombea huru huwateua mawakala wake mwenyewe, huwalipa, huwalisha, na huwafundisha. Ni gharama inayovunja mgongo, na wengi huishia kuweka watu kwenye vituo vya kwao tu na kuomba Mungu kwa vilivyobaki.

Wa chama husema yeye hana tatizo hilo, chama kinaleta mawakala. Kweli, lakini sheria ya uchaguzi inakipa chama wakala mmoja kwa wagombea wake wote katika kituo. Wakala huyo ana karatasi sita za kulinda. Nani anamlipa? Kwa kawaida mgombea ugavana au timu ya rais. Saa sita za usiku, fomu ya rais ikishatiwa sahihi na kupigwa picha, usishangae wakala wa chama akiwa nje anatafuta chai wakati ya diwani inajazwa. Nasikia madiwani wengi wa zamani wakilalamikia jambo hili kuliko wizi wenyewe. Mgombea huru mwenye vituo 32 na watu 32 anaowajua kwa majina ana ulinzi bora kuliko mwenye cheti cha chama kikubwa.

Chama kidogo kinakaa katikati kwa njia isiyopendeza. Kina haki ya wakala mmoja kwa kituo, lakini mara nyingi hakina pesa za kumlipa. Utamlipa wewe. Faida ni kwamba kama wewe ndiye mgombea pekee wa chama hicho kituoni, wakala huyo ni wako peke yako. Sheria pia inasema chama kisipoteua wakala, mgombea anaweza kuteua wake. Ongea na chama mapema, na makubaliano yawe kwa maandishi.

Upande wa kampeni, chama kikubwa hukupa vitu ambavyo huwezi kuvinunua: mkutano wa gavana au wa mgombea urais ukipita wadini kwako, unapandishwa kwenye gari na kutambulishwa mbele ya maelfu. Vituo vya redio vya lugha za mama hufuata misafara hiyo. Mgombea huru atanunua muda wake redioni au atategemea makundi ya WhatsApp ya kijiji, ambayo kwa udiwani, kusema kweli, hayapaswi kudharauliwa.

Ukishaapishwa

Wawaniaji hawafikirii mbali hivi, na ndiyo sababu hujuta. Katika bunge la kaunti, nafasi za kamati, uongozi wa wengi na wachache, hata safari za mafunzo, hupita mikononi mwa vyama. Diwani huru huanza akiwa mgeni. Kwa kawaida hutafuta mrengo wa kushirikiana nao, kama walivyofanya wabunge wengi kati ya 12 walioshinda kama wagombea huru 2022. Kushirikiana kunaruhusiwa, kujiunga hakuruhusiwi. Mgombea huru aliyechaguliwa akijiunga rasmi na chama, anapoteza kiti. Vivyo hivyo aliyechaguliwa kwa chama akijiuzulu.

Upweke huo umeonekana wazi zaidi juu. Mwaka 2022 magavana wawili walishinda kama wagombea huru, Andrew Mwadime wa Taita Taveta na Kawira Mwangaza wa Meru. Mwangaza, ambaye 2017 alikuwa ameshinda kiti cha mwakilishi wa wanawake vilevile akiwa huru, alipigiwa kura na bunge la kaunti ang'olewe mara tatu. Mara mbili Seneti ilimwokoa. Ya tatu, Agosti 2024, ikaidhinisha. Watu husema angekuwa na chama angepona. Sina hakika. Magavana Ferdinand Waititu wa Kiambu na Mike Sonko wa Nairobi walikuwa na Jubilee, chama tawala wakati huo, na wote wawili waling'olewa mwaka 2020. Chama hukinga anayekipendeza.

Kwa upande mwingine, diwani wa chama hana uhuru wa kupiga kura atakavyo bila gharama. Mwaka 2023 ODM iliamua kuwatimua wabunge walioonekana kumkaribia Rais Ruto. Jopo la mizozo likazuia na wakabaki na viti vyao. Machi 2025 ODM yenyewe ikatia sahihi makubaliano ya kushirikiana na UDA. Mwaniaji anayechagua chama kwa sababu ya msimamo wake ajiulize msimamo wa lini.

Kitu kingine kisichosemwa: viti vya uteuzi katika bunge la kaunti hugawanywa kwa vyama kulingana na viti vya wadi vilivyoshinda. Mgombea huru akishinda, hamvutii mwanamke, kijana wala mtu mwenye ulemavu yeyote kuingia naye. Wala kura zake hazihesabiwi popote kwenye Hazina ya Vyama vya Siasa, ambayo asilimia 70 yake hugawanywa kwa kufuata kura ambazo chama kilipata. Chama kikikubembeleza ujiunge nacho, hesabu hizo wanazo mfukoni.

Kwa wasomaji wa Tanzania, machaguo ni mawili tu, chama kikubwa au kidogo. Mgombea binafsi, yaani huru, hayupo kisheria, licha ya Mchungaji Christopher Mtikila kushinda Mahakama Kuu mwaka 1994 na tena 2006, Mahakama ya Rufani kuligeuza hilo 2010, na Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu iliyopo Arusha kutoa hukumu dhidi ya serikali Juni 2013. Anayekatwa na vikao vya chama chake baada ya kuongoza kura za maoni, yaani mchujo wa huko, hubaki au huhama.

Ningemshauri nani achague nini

Kama wadi yako ni ya suti, na una mtu ndani ya chama anayeweza kukuambia ukweli kabla cheti hakijatolewa, nenda chama kikubwa. Huyo mtu ndiye sharti. Bila yeye utalipa ada na kujifunza kwa gharama. Kwa Nyanza naongeza tahadhari: 2027 utakuwa uchaguzi mkuu wa kwanza wa ODM bila Raila Odinga, aliyefariki Oktoba 2025, na hakuna anayeweza kukuhakikishia kwamba cheti kitakuwa na uzito ule ule hadi wadini.

Kama wimbi la eneo lako ni jepesi au hubadilika kila msimu, na wewe unajulikana lakini huna mkubwa wa kukushika mkono, ningechagua chama kidogo kilicho ndani ya muungano unaopendwa huko. Nakiona ndicho chaguo linalodharauliwa kupita kiasi kwa kiti cha diwani. Hakikisha tu kwamba mwenye chama naye ana kiti anachowania mwaka huo huo. Mwenye kitu cha kupoteza hafungi duka Julai.

Ugombea huru ningemwachia mtu wa aina mbili. Wa kwanza ni yule ambaye wadi inamfahamu kwa kazi kuliko kwa siasa, mwalimu, mfanyabiashara, kiongozi wa chama cha ushirika, mwenye watu 32 wa kukaa vituoni bila kuwabembeleza. Wa pili ni diwani aliyepo ambaye kazi yake inaonekana na chama chake kimemnyima cheti. Wote wawili waamue mapema. Anayeamua wiki moja baada ya mchujo, koo likiwa limekauka kwa matusi, mara nyingi hukusanya sahihi 500 na kura zisizozidi hizo sana.

Lolote utakalochagua, ingia eCitizen leo uone umeandikishwa chama gani.